Kumpima na kumsaidia mtu mwenye ulemavu na mahitaji mengi kwa pamoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na familia za Dodoma

Maswali haya yanaletwa na wazazi, walezi, walimu na wenyeviti wa vijiji, kuanzia Bahi na Chamwino hadi Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa. Anayeyajibu anafanya kazi ya utengamao, yaani kumsaidia mtu apate au arudishe uwezo wa kuishi maisha yake ya kila siku. Mtaalamu atakayemwona mtu wako ana kwa ana ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu matibabu. Hapa utapata namna ya kujua umwendee nani, umweleze nini na udai nini.

Upimaji ni nini hasa? Si ndiyo kwenda hospitali kuandikiwa jina la ugonjwa?

Jina ni sehemu ndogo. Mtoto akiandikiwa "mtindio wa ubongo" kwenye kadi, mama bado hajajua amlisheje jioni hiyo, amlaze vipi, wala kama shule ya kijijini itampokea. Watoto wawili wanaweza kuwa na jina hilohilo, mmoja anakimbia akichechemea na mwingine hawezi hata kushikilia shingo.

Upimaji wenye faida unatoka na majibu ya mambo matatu. Mtu huyu anafanya nini sasa hivi, peke yake au akisaidiwa? Ni nini kinachomzuia, mwilini mwake na katika mazingira yake? Nani atafanya nini, na lini? Hilo la mazingira watu hulisahau. Shirika la Afya Duniani lina mfumo wake wa mwaka 2001 unaotaka mazingira yahesabiwe pamoja na mwili: choo cha shimo kinachomlazimu mtu kuchuchumaa, korongo la mchanga kati ya nyumba na barabara, mwalimu asiyejua Lugha ya Alama, jirani anayewakataza wanawe kucheza na mtoto huyo.

Hata Sensa ya 2022 haikutegemea jina la ugonjwa peke yake. Iliuliza kama mtu anapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana, na shida hiyo ni kubwa kiasi gani. Maswali hayo sita unaweza kuyauliza nyumbani leo kabla hujapanda gari kwenda popote.

Mtoto wangu ana mwaka mmoja na nusu, hajakaa wala hajatembea. Bibi yake anasema "atatembea tu, hata baba yake alichelewa". Nisubiri?

Usisubiri. Watoto hutofautiana, ni kweli, lakini kuna mipaka. Mtoto ambaye hajakaa bila kushikwa akifika miezi tisa, au hajatembea akifika miezi kumi na minane, aonwe. Vivyo hivyo asiyetabasamu kwa kumtazama mtu akiwa na miezi mitatu, asiyegeuka kwa sauti, asiye na neno hata moja akikaribia miaka miwili, au aliyekuwa akisema maneno kisha akayaacha. Hilo la mwisho lisipuuzwe hata siku moja.

Kuna dalili zisizongoja hata wiki. Kichwa kinachokua haraka kuliko mwili, utosi umejaa na macho yanatazama chini, kinahitaji daktari mara moja, kwa sababu maji yaliyojaa kichwani yanaendelea kuukandamiza ubongo kila siku inayopita. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi naye apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kidonda kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa safi chenye unyevu. Mtoto mchanga aliyekuwa wa manjano usoni na sasa umanjano umefika miguuni, au ananyonya kwa shida, apelekwe usiku huohuo. Manjano yakizidi huharibu ubongo na masikio, na yanatibika kwa mwanga maalumu hospitalini yakiwahiwa. Kumwanika mtoto juani mlangoni hakutoshi.

Bibi ana nia njema. Mpe heshima yake, mwende naye kliniki.

Tuanzie wapi?

Anzieni kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii au zahanati ya kijiji, mkaombe rufaa ya maandishi. Ukienda na karatasi unapokewa tofauti na ukienda mikono mitupu. Kutoka zahanati mtafika kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma, ile ambayo wengi bado tunaiita General. Wanaohitaji madaktari bingwa zaidi hupelekwa Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma.

Safari ya hospitali iende sambamba na nyingine mbili. Ya kwanza ni kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, anayeshughulikia ulinzi, msamaha wa gharama na utambuzi wa familia. Ya pili ni kwa afisa elimu anayehusika na elimu maalumu katika halmashauri, kama mtu wako ni mtoto. Familia nyingi huanza na hospitali, zikimaliza ndipo ziulize shule, na kufikia hapo mtoto ana miaka kumi. Nendeni kote pamoja.

"Mahitaji changamano" ndiyo nini?

Ni pale ambapo mtu ana shida zaidi ya moja na kila moja inaibana nyingine. Chukua binti wa miaka kumi na miwili mwenye viungo vilivyokakamaa, anayeanguka kifafa na asiyeona vizuri. Dawa ya kifafa ikimlaza usingizi mchana, hatafanya mazoezi ya viungo. Asipoona vizuri, picha za kumfundishia kuwasiliana hazimsaidii zikiwa ndogo. Akikaa vibaya anapaliwa, akipaliwa anaugua mapafu, akiugua homa inamwongezea degedege. Fundi wa viti akimwona peke yake, daktari wa macho peke yake na mwalimu peke yake, kila mmoja atafanya kazi nzuri na binti atabaki palepale.

Kwa hiyo mtu wa namna hii anahitaji mtu mmoja wa kuunganisha mambo. Akiwa mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ni sawa, afisa ustawi ni sawa, muuguzi ni sawa. Uliza waziwazi mkiwa hospitali: "Nani kati yenu nitampigia nikikwama?" Andika jina lake. Kwa uzoefu wangu swali hili linasaidia kuliko vipimo vingi vya gharama.

Siku ya upimaji nibebe nini?

Kadi ya kliniki hata kama imechanika, dawa zote anazotumia zikiwa kwenye makopo yake, na chakula anachokula kila siku. Ndiyo, chakula, pamoja na kijiko na kikombe chake. Mtaalamu akimwona anakula uji wake kwa kijiko chake atajifunza mengi kuliko kwa kukuuliza maswali. Kama una simu yenye kamera, mrekodi akianguka, akila, akijaribu kusimama. Mtoto aliyesafiri na basi tangu alfajiri hatakuonyesha uwezo wake wa kweli chumbani kwa daktari.

Aje na mtu anayelala naye chumba kimoja na kumwogesha. Mara nyingi baba ndiye anayejibu maswali na dada mwenye majibu amebaki nyumbani.

Kingine ni lugha. Mwambie mpimaji mapema nyumbani mnaongea lugha gani. Nimeona mtoto akiandikwa "haelewi maelekezo" kwa kuwa aliulizwa yote kwa Kiswahili, na hapo nje bibi yake alipomwambia "mbukwa", salamu ya Kigogo, akaitikia vizuri na kumpa mkono. Anayeishi kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe apimwe kwa lugha hiyo, hata kama itabidi mhudumu mwenyeji aitwe atafsiri. Vinginevyo tunapima Kiswahili chake na kuita ulemavu.

Kila akila anapaliwa, na kulisha kunachukua saa nzima. Nifanye nini?

Hili ndilo swali ninalotaka lisomwe kwa makini kuliko mengine, kwa kuwa watoto wanapotea kwa chakula kinachoingia njia ya hewa na watu wanasema walikufa kwa nimonia tu.

Dalili ni hizi: anakohoa au macho yanajaa machozi wakati wa kula, sauti inakuwa ya majimaji baada ya kumeza, anahema haraka, anaugua kifua mara kwa mara, hanenepi. Ukiona mojawapo, tazama kwanza anavyokaa. Wengi hulishwa wakiwa wamelazwa mapajani, kichwa kimening'inia nyuma, uji mwepesi unamiminwa kwa kikombe. Kichwa kikiwa nyuma njia ya hewa inabaki wazi na uji unateremka wenyewe kabla hajawa tayari kumeza.

Kama ni mdogo, kaa kwenye mkeka ukiegemea ukuta, kunja magoti, mkalishe mapajani akikutazama usoni, mgongo wake umeegemea magoti yako. Mwili uwe karibu wima, kichwa katikati, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Akiwa mkubwa, mweke kwenye kiti chenye mkono pande zote, miguu iguse chini au iwekewe kigoda. Miguu inayoning'inia hulegeza shingo. Wewe ukae usawa wa macho yake. Ukisimama, atainua kichwa kukutazama na tumerudi kulekule.

Uji uwe mzito, wa kuanguka kijikoni polepole, na laini bila mabonge. Mchuzi wenye vipande ni mgumu kuliko vyote, maana kinywa kinatakiwa kushughulikia maji na nyama kwa pamoja. Tia kiasi kidogo kwenye ncha ya kijiko, kiweke katikati ya ulimi, gandamiza kidogo, subiri afunge midomo mwenyewe. Usikwangue uji kwenye meno ya juu. Subiri ameze, tazama koo, ndipo utie kingine. Ongeza karanga zilizosagwa laini au mafuta ili kiasi kidogo kimpe nguvu ya kutosha. Akimaliza abaki ameketi nusu saa.

Usimbane pua. Usimlishe akilia, akisinzia au akiwa kwenye degedege. Na kama anakohoa hata ukifanya haya yote, au uzito unashuka, rudi hospitali ukaseme kwa maneno haya: "Anapaliwa kila mlo." Usiseme "anakula kidogo", maana hapo utapewa dawa ya kuongeza hamu ya kula.

Haongei. Mtaalamu atajuaje anachotaka? Na kuna faida kumuuliza?

Karibu kila mtu anawasiliana. Kazi yetu ni kugundua anatumia nini. Wakati mmoja nilikaa na familia iliyoniambia kijana wao "yupo yupo tu, haelewi kitu". Jioni, tukiwa bado tunaongea, akageuza macho kuelekea mlangoni na kuanza kutabasamu. Muda kidogo ndipo na sisi tukasikia kengele za mbuzi wanaorudi. Anasikia, anakumbuka, anajua saa za nyumbani, na ana kitu anachokipenda. Hayo manne hayakuwa kwenye faili lake.

Kutoka hapo kazi ikaanza: kushika kikombe mkono mmoja na shati mkono mwingine, kusubiri bila haraka, kuheshimu anapotazama. Mtu akitazama kikombe, apewe maji hata kama wewe ulikuwa unataka avae kwanza. Akiona macho yake yanaleta matokeo, atayatumia zaidi. Baadaye zinakuja picha, ishara za mikono, ubao wa alama. Kitu kikubwa ni kukubaliana nyumba nzima alama ya "ndiyo" na alama ya "hapana", na kila mgeni aelezwe.

Kiziwi anahitaji kitu kingine, lugha kamili, na mapema. Kumsubiri ajifunze kusoma midomo huku hana Lugha ya Alama ni kumnyima miaka ya kufikiri na kuuliza. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ni mahali pa kuulizia mafunzo na wakalimani. Wazazi nao wajifunze.

Faida ya kumuuliza mtu mwenyewe? Nimesikia mpango mzima ukijadiliwa juu ya kichwa cha mtu mzima mwenye akili zake timamu, kwa sababu tu ameketi kwenye kiti mwendo. Hata anayeweza kuchagua mambo mawili tu kwa siku, mwache achague hayo mawili.

Anaanguka kifafa. Je, kimeletwa na ulemavu, na povu lake linaambukiza?

Povu haliambukizi. Ubongo ulioumia wakati wa kuzaliwa, kwa malaria kali au kwa homa ya uti wa mgongo unaweza kuleta kifafa pamoja na ulemavu. Dawa zipo na wengi wakizitumia kila siku hupata nafuu kubwa. Hatari ni kuziacha ghafla kwa kuwa ameonekana kapona. Degedege huweza kurudi mfululizo. Akianguka, mlaze ubavu, mwondolee vitu vya kumwumiza, legeza nguo shingoni, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ikizidi dakika tano, kimbia hospitali. Na asiachwe peke yake karibu na moto wala kisima.

Tulipewa kiti mwendo cha msaada lakini kimekaa tu nje, kuku wanalalia. Tumekosea wapi?

Hamjakosea. Kiti hakikupimwa. Mtoto wa miaka saba akiwekwa kwenye kiti cha mtu mzima anateleza, mgongo unapinda upande, na baada ya miaka michache mkunjo huo haurudi. Kiti kinapimwa kwa mwili: upana wa nyonga, urefu wa paja kutoka matakoni ukiacha nafasi ya vidole viwili nyuma ya goti, na urefu wa mguu ili nyayo zikanyage vizuri. Asiyeweza kuushikilia mwili wake anahitaji kizuizi cha ubavuni, mkanda wa nyonga na mahali pa kuegemeza kichwa.

Halafu kinapimwa kwa ardhi. Viti vingi vya hospitali vina vigurudumu vidogo mbele, na kwenye mchanga wetu vinazama hatua ya tatu. Huku vijijini kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu kubwa la mbele kinaenda vizuri zaidi. Pendelea chenye tairi za baiskeli, ili fundi baiskeli wa kijijini aweze kuziba pancha. Ulizeni pia kama kinapita mlangoni. Nyumba nyingine kuongeza mlango kwa upana wa tofali moja kunatosha.

Kiti bila mto sahihi ni hatari kwa asiyehisi matako. Ajinyanyue au aegemee pembeni kila baada ya dakika chache, na kila jioni ngozi itazamwe: wekundu au weusi usioondoka ni mwanzo wa kidonda. Aliye kitandani ageuzwe kila saa mbili. Kidonda kikipata nafasi kinafika mfupani, na watu wamekufa nacho.

Mzee wetu alipata kiharusi, kijana wetu alivunjika mgongo kwa ajali ya bodaboda. Majibu haya yanawahusu?

Yanawahusu kabisa. Ulemavu wa ukubwani una jambo lake la ziada: mtu anajua alichopoteza. Mazoezi baada ya kiharusi yaanze mapema, angali wodini hali ikishatulia, na familia ifundishwe kabla ya kuruhusiwa. Msimvute mkono uliopooza mnapomnyanyua, bega litateguka. Aliyeumia uti wa mgongo afundishwe kutoa mkojo kwa mpira safi wa kutolea mkojo (katheta), kwa ratiba, maana mkojo unaobaki huharibu figo kimyakimya. Na mtu aulizwe kuhusu moyo wake pia. Kijana aliyekuwa fundi juzi na leo anaogeshwa na mama yake ana mzigo ambao mazoezi ya miguu hayautui.

Bibi haoni vizuri, tunasema ni uzee. Naye apimwe?

Apimwe. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji na watu wakaona tena. Mkoa wetu una historia ndefu ya vikope, yaani trakoma, maambukizi ya macho. Kongwa imefanyiwa utafiti wa trakoma kwa miongo kadhaa. Kope zinazogeukia ndani na kukwangua jicho zinarekebishwa kwa upasuaji mdogo, na wanawake ndio wanaoumia zaidi kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto wenye maambukizi. Bibi anayeng'oa kope zake kwa kibanio anahitaji daktari wa macho.

Mwanangu ana ulemavu wa akili. Watu wanasema nimpeleke Mirembe. Ni sahihi?

Ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili ni mambo mawili. Wa kwanza ni ubongo kukua na kujifunza polepole tangu utotoni. Wa pili unaweza kumpata yeyote, wakati wowote, na una tiba. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe inatibu. Kama mwanao anajifunza polepole lakini ametulia, anayehitajika kwanza ni mwalimu wa elimu maalumu. Kama amebadilika ghafla, halali, anajipiga, anaona visivyoonekana, basi aonwe na mtaalamu wa afya ya akili, na hakuna aibu yoyote.

Ila kabla ya hapo mkague mwili. Asiyeweza kusema "jino linauma" atajipiga shavu. Sikio, jino, choo kigumu, njaa, hofu ya mtu fulani: haya hufanana sana na "ukorofi".

Shule itampokea?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu kama mtoto mwingine. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Serikali ilikuwa na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26. Mwalimu mkuu akikwambia "mlete akijua kujihudumia", mjibu kwa upole kwamba ungependa afisa elimu maalumu ampime, na umwandikie barua.

Mkoani kuna Shule ya Msingi Buigiri Wasioona wilayani Chamwino na shule ya viziwi Kigwe wilayani Bahi, na baadhi ya shule za kawaida zina vitengo. Bweni lina faida, hasa kwa lugha ya alama na nukta nundu, yaani maandishi ya kugusa ya wasioona. Lina gharama yake pia: mtoto wa miaka sita analala mbali na mama yake. Mimi kwa mtoto mdogo hutazama kwanza kama shule ya karibu inaweza kurekebishwa, halafu ndipo bweni.

Marekebisho mengi ni rahisi. Mwenye ualbino akae mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali, avae kofia na mikono mirefu hata wakati wa paredi. Kwenye mitihani ya Baraza la Mitihani mwenye uoni hafifu hupewa maandishi makubwa na muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine. Taarifa hiyo itolewe na shule mapema wakati wa usajili. Mtoto asiyepimwa macho hataipata nafasi hiyo.

Hatuna fedha. Tufanyeje?

Kabla hujaahirisha, omba kumwona afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Msamaha unapitia kwake, na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa hurahisisha. Mtoto wa chini ya miaka mitano hatakiwi kulipia matibabu katika vituo vya Serikali. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwulizeni afisa maendeleo ya jamii. Anayetafuta ajira ajue kwamba sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 ni watu wenye ulemavu.

Jiungeni pia na vyama, vilivyo chini ya shirikisho lao, SHIVYAWATA. Barua yenye mhuri wa chama husomwa haraka zaidi ya malalamiko ya mzazi mmoja.

Ndugu wanasema ni laana, wanataka tumfiche ndani au tumpeleke kwa mganga.

Ugomvi na wazee haumsaidii mtoto. Waeleze sababu mnayoijua: alichelewa kulia alipozaliwa, aliugua malaria ikapanda kichwani. Mama asibebeshwe lawama, na hilo baba aliseme kwa mdomo wake mbele ya ukoo. Anayetaka kuomba aombe, ila dawa ya kifafa isiachwe na mwili wa mtoto usichanjwe wala kuchomwa. Kumfungia ndani ni kosa. Mtoe barazani asubuhi, asalimie wapita njia. Mtaa huzoea haraka kuliko tunavyodhani.

Nashuku kuna mtu anamwumiza.

Amini mashaka yako. Mtu anayeogeshwa na wengine na asiyeweza kusimulia yuko kwenye hatari kubwa, na mara nyingi anayemwumiza ni mtu wa karibu. Dalili ni kuogopa mtu mmoja, michubuko sehemu za siri, kubadilika ghafla. Mpeleke hospitali kabla hujamwogesha, nguo zake zitunzwe kwenye karatasi. Toa taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au kwa afisa ustawi. Kwa mtoto, piga 116, ni bure. Mambo haya hayamalizwi kifamilia kwa mbuzi wala kwa fedha.

Mimi mlezi nimechoka. Naruhusiwa kusema?

Sema, na wapimaji wanatakiwa wakuulize. Mgongo wako, usingizi wako na shamba lako ni sehemu ya upimaji. Mpango unaomtaka mama afanye mazoezi kwa muda wa saa mbili kila siku ilhali analima mtama na kufuata maji mbali utavunjika wiki ya kwanza. Mwombe mtaalamu ayaingize mazoezi kwenye kazi zilizopo: namna ya kumbeba kwenye mbeleko miguu ikiwa imepanuka, namna ya kumvisha akiwa ameketi, namna ya kumgeuza bila kuumia kiuno. Gawaneni zamu. Kaka anaweza kulisha, shangazi anaweza kukaa naye siku ya mnada. Wafundishwe wote siku moja, kwa mikono yao, wakikosea na kurekebishwa palepale.

Mpango wa huduma uandikweje, na turudi lini?

Uwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachosomeka, nakala ibaki nyumbani. Juu kabisa ziandikwe shauku zake na anavyosema "ndiyo" na "hapana". Chini yake malengo mawili au matatu tu, yanayoonekana kwa macho: "ale bila kupaliwa", "akae dakika kumi akicheza", "aingie chekechea Januari". Kila lengo liwe na jina la mtu na tarehe. "Familia ihamasishwe" halina mwenyewe, likatwe.

Mtoto chini ya miaka mitano arudi kila baada ya miezi mitatu hivi, maana anakua na kila kitu kinabadilika, kiti kikiwemo. Mkubwa aliyetulia, mara moja au mbili kwa mwaka. Rudini bila kungoja tarehe akiacha kufanya jambo alilokuwa akiliweza, akipungua uzito, akipata kidonda, akianza dawa mpya ya degedege, au mlezi mkuu akiugua au kuhama. Karatasi ya zamani mje nayo.